Mimar Sinan: Fundi mkuu aliyejenga bila kujua kesho italeta nini

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, katika safu yetu ya Ijumaa ya leo tunamtazama mtu ambaye hakuwa mufti wala kadhi, wala hakuandika tafsiri ya Qur'ani Tukufu. Alikuwa seremala, kisha askari, kisha msimamizi wa kazi za ujenzi za dola kubwa kuliko zote za Kiislamu katika zama zake. Jina lake ni Sinan, na watu humwita Mimar Sinan, yaani Sinan mjenzi. Aliishi karibu miaka mia moja, akawatumikia masultani watatu akiwa mkuu wa wajenzi wao, na akaacha misikiti, madrasa, hospitali, madaraja na mifereji ya maji ambayo mengi yake yanatumika hadi leo.

Tumemchagua kwa sababu maalumu. Katika miji yetu si jambo la nadra kuuona msikiti ulioanzishwa kwa michango na takbira, kisha ukasimama kwenye usawa wa linta miaka na miaka, nondo zikishika kutu. Tukiuliza, tunaambiwa fedha zilikwisha. Ni kweli, lakini fedha nazo huisha kwa sababu: udongo haukupimwa, bei ya saruji ilipanda, mfadhili alifariki, au kamati ilitoa ahadi ya tarehe kabla ya kuijua kazi yenyewe. Fedha hizo ni amana za watu, wakiwemo wajane na wachuuzi waliotoa kidogo walichokuwa nacho. Aliyekabidhiwa amana hiyo atakwenda kuulizwa.

Elimu ya kusimamia miradi imekuwa taaluma kamili siku hizi. Project Management Institute ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilitoa mwaka 2021 toleo la saba la mwongozo wake, na humo hali ya kutokuwa na uhakika ikawekwa kuwa mojawapo ya maeneo manane ambayo msimamizi hana budi kuyashughulikia. Jambo hilo linawafunza wengi wa zama hizi. Sinan alilikabili kwa vitendo zaidi ya miaka 450 iliyopita, na maisha yake ni darasa lililo wazi kwa anayetaka kujifunza.

Kutoka kijijini hadi jeshini

Sinan alizaliwa takriban mwaka 1490 katika kijiji cha Ağırnas, karibu na mji wa Kayseri, katika Anatolia ya kati, nchi ambayo leo ni Uturuki. Wazazi wake walikuwa Wakristo. Takriban mwaka 1512, zama za Sultani Selim I, alichukuliwa kwa utaratibu wa dola ya Uthmaniya wa kukusanya vijana wa Kikristo, kuwasilimisha na kuwaandaa kwa ajili ya jeshi na utumishi wa Sultani. Utaratibu huo ulikuwa mzito kwa familia zilizoondokewa na watoto wao, na mwenye kusimulia historia kwa insafu haufichi. Hata hivyo, ndio mlango ambao kijana huyu aliupitia.

Istanbul aliyoikuta ilikuwa mji uliotikiswa. Mwezi Septemba 1509 tetemeko kubwa la ardhi liliubomoa kiasi kwamba watu waliliita Kiyama Kidogo. Kwa kijana anayejifunza useremala, hapakuwa na somo la wazi zaidi kuliko hilo: jengo husimama juu ya ardhi, na ardhi yenyewe haitoi ahadi.

Baada ya mafunzo aliingia katika kikosi cha Yanisari, askari wa miguu wa Sultani. Alishiriki katika vita vya Belgrade mwaka 1521, Rhodes mwaka 1522, Mohács nchini Hungaria mwaka 1526, Vienna mwaka 1529, na safari ya Baghdad mwaka 1534. Kila alikopita aliyatazama majengo ya kale: ngome, makanisa, misikiti, madaraja na mabirika. Aliona namna ukuta unavyovunjwa kwa mizinga na ni upande gani wa tao unaoanza kupasuka. Aghalabu watu hujifunza ujenzi kwa kutazama yanayosimama, lakini yeye alipata fursa ya kujifunza pia kutokana na yanayoanguka.

Katika vita dhidi ya Waajemi vya miaka ya 1530, jeshi lilifika Ziwa Van na halikujua adui amejipanga vipi ng'ambo ya pili. Lutfi Pasha alimwagiza Sinan atengeneze vyombo vya majini. Sinan aliunda jahazi tatu, akazipakia mizinga, na yeye mwenyewe akaziongoza kwenda kupeleleza. Kazi yake ya kwanza kubwa, basi, haikuwa kujenga kitu cha kudumu, bali chombo cha kupatia habari. Kabla ya viongozi kuamua waende wapi, walihitaji kujua.

Mwaka 1538 jeshi la Sultani Süleyman likiwa njiani kwenda Moldavia lilikwama kwenye mto Prut. Kingo za mto zilikuwa matope, na madaraja yaliyojaribiwa yalizama. Sinan aliitwa, akakusanya maseremala, na kwa mujibu wa kumbukumbu alizomsimulia baadaye mshairi Mustafa Sai Çelebi, daraja lilikuwa tayari kwa siku 13, jeshi zima likavuka.

Mwaka uliofuata, 1539, aliteuliwa kuwa mkuu wa wajenzi wa Sultani. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka hamsini. Kuacha safu za jeshi kulimtia uchungu, lakini alijituliza kwa kufikiri kwamba katika kazi hiyo mpya angepata kujenga misikiti mingi. Akadumu katika cheo hicho karibu miaka hamsini mingine.

Alipanda ngazi daraja baada ya daraja

Jambo lililomshughulisha Sinan kuliko yote lilikuwa kuba. Mbele ya macho yake kila siku palikuwa na Ayasofia, jengo la karne ya sita lenye kuba ya upana wa mita 31 hivi. Baadhi ya mafundi wa Kikristo walikuwa wakisema kwamba hakuna mjenzi wa Kiislamu awezaye kusimamisha kuba ya kiasi kile, na maneno hayo yalimchoma moyo. Lakini aliijua pia historia ya jengo hilo: kuba yake ya kwanza iliporomoka mwaka 558, miaka isiyozidi 21 baada ya kukamilika, na sehemu zake zikaanguka tena baadaye. Waliotangulia walikuwa hodari, na bado yaliwashinda.

Mtu mwenye pupa angekimbilia kuba ya mita 31 mara moja ili kumfurahisha Sultani. Sinan hakufanya hivyo. Mwaka 1543 mwana wa Sultani, Mehmed, alifariki akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na Sinan akaagizwa kujenga msikiti wa kumkumbuka. Msikiti huo, uitwao Şehzade, ulikamilika mwaka 1548 ukiwa na kuba ya mita 19, iliyoshikwa na nusu kuba nne pande zote. Kisha ukaja msikiti wa Sultani mwenyewe, Süleymaniye, ulioanza mwaka 1550 na kufunguliwa mwaka 1557, kuba yake ikiwa na upana wa mita 26.5 na kimo cha mita 53 kutoka sakafuni. Hatimaye, mwaka 1568, akiwa mzee wa miaka karibu themanini, akaanza msikiti wa Selimiye katika mji wa Edirne, ambao kuba yake ina upana wa zaidi ya mita 31.

Mita 19, kisha 26, kisha 31, katika muda wa miaka thelathini. Yeye mwenyewe aliuhesabu msikiti wa kwanza kuwa kazi yake ya mwanafunzi, wa pili kuwa kazi ya fundi, na wa tatu kuwa kazi ya ustadhi.

Na baina ya hatua hizo kubwa alitumia kazi ndogo kujaribia mawazo. Msikiti wa Rüstem Pasha, uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1560 karibu na bandari ya Istanbul, una kuba ya mita 15 tu, lakini kuba hiyo imeegemea nguzo nane badala ya nne. Miaka michache baadaye wazo lile lile la nguzo nane ndilo lililoibeba kuba ya Edirne. Laiti wazo hilo lingekuwa na kasoro, kasoro ingejulikana kwenye kuba ya mita 15, ambapo kuitengeneza kungegharimu kidogo, siyo kwenye kuba ya mita 31 mbele ya macho ya ulimwengu.

Hapa kuna mafunzo makubwa kwa msimamizi wa mradi. Yako mambo ambayo hayajulikani kwa kusoma wala kwa kuuliza. Hujulikana kwa kutenda tu. Mkakati wa kuyakabili ni kuyatenda kwanza kwa kiasi kidogo.

Daftari na ahadi

Wapo wanaodhani kwamba majengo yale yalisimama kwa amri ya Sultani na jasho la watumwa. Daftari za hesabu za ujenzi wa Süleymaniye zimehifadhiwa hadi leo, na wanahistoria wa Uturuki wamezichapisha na kuzichambua. Zinaonyesha mafundi wapatao 3,500, takriban nusu yao Waislamu na nusu Wakristo, na sehemu kubwa ya kazi ikifanywa na watu huru waliolipwa ujira. Kila wiki iliandikwa nani amefanya kazi na kwa siku ngapi. Wakati wa baridi idadi ya wafanyakazi ilipungua, na kiangazi ikaongezeka. Vifaa vilitoka mbali: kwa mujibu wa kumbukumbu za Sinan, nguzo nne kubwa za mawe zilizo ndani ya msikiti zilikusanywa kutoka Alexandria ya Misri, Baalbek ya Lebanoni na sehemu mbili za Istanbul. Jahazi inayobeba nguzo baharini yaweza kuchelewa au kuzama, na hapana hesabu inayoondoa hatari hiyo. Lakini mwenye daftari anajua leo amesimama wapi, hivyo jambo likiharibika hulijua wiki hiyo hiyo, siyo mwaka unaofuata.

Kazi ilipokaribia mwisho, maneno yalimfikia Sultani kwamba kuba haitasimama na kwamba Sinan anapoteza wakati kwa mambo madogo. Sultani akaenda mwenyewe, akiwa na ghadhabu, akataka kujua lini kazi itakamilika. Sinan aliahidi miezi miwili. Waliomzunguka Sultani walidhani mzee ameingiwa na wazimu, lakini miezi miwili ilipotimia, msikiti ulikuwa tayari. Sultani akamkabidhi Sinan ufunguo ili awe yeye atakayefungua mlango.

Wengi husimulia kisa hiki kuonyesha ushujaa. Sisi tunaona pia hekima ndani yake. Ahadi ile ya siku maalumu haikutolewa mwaka 1550, wakati mashimo ya msingi yalipokuwa yakichimbwa kwenye mteremko ulio juu ya ghuba na mengi hayajulikani. Ilitolewa mwaka wa saba, wakati kazi kubwa ilikuwa nyuma yake na kilichobaki kilikuwa umaliziaji. Mwenye kuahidi kabla ya kujua hujitia katika deni asiloweza kulilipa.

Mafuriko ya mwaka 1563

Istanbul ilikuwa mji wenye kiu. Idadi ya wakazi iliongezeka na maji hayakutosha. Sultani Süleyman alimwagiza Sinan kuyaleta maji kutoka misitu iliyo kaskazini ya mji. Sinan alizunguka mabonde, akapima kiasi cha maji ya vijito na tofauti za kimo cha ardhi, kisha akaanza kujenga mifereji ambayo kwa jumla ilikuwa na urefu wa kilomita 55 hivi, ikivuka mabonde juu ya madaraja ya mawe.

Mwezi Septemba 1563, kazi ikiwa imefika mbali, mvua ilinyesha kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mafuriko yaliyafagia mabonde yote ya jirani. Sultani mwenyewe, ambaye alikuwa nje ya mji akiwinda, alizingirwa na maji na kuokolewa na mtumishi aliyempandisha juu ya nyumba. Madaraja ya barabara kuu ya kwenda Ulaya yalibomoka, na baadhi ya madaraja mapya ya mifereji ya Sinan yakaharibika. Kazi ya miaka mingi ilivunjika kwa siku moja.

Hebu tujiulize, ndugu msomaji, sisi tungefanya nini? Wapo ambao wangesema ni kadari, na kwa hakika ni kadari, kisha wangejenga tena kama ilivyokuwa mwanzo. Wapo ambao wangetafuta wa kumlaumu. Sinan alirejea bondeni na kutazama maji yalipita vipi na yalivunja nini.

Daraja la Mağlova, alilolikamilisha mwaka 1564, ndilo jibu lake. Lina urefu wa mita 257 hivi na kimo cha mita 36. Miguu yake ni mipana chini na hupungua kuelekea juu, mfano wa piramidi, ili mkondo usiisukume kwa urahisi. Na matao yake ni makubwa, ili mafuriko yapate pa kupita. Sinan hakujaribu kubashiri mwaka ambao mafuriko mengine yatakuja, kwani hilo ni katika elimu ya ghaibu. Alijenga daraja ambalo halihitaji kuujua mwaka huo. Hadi leo limesimama, zaidi ya miaka 450 baadaye, ingawa bonde lililo chini yake sasa limejazwa na maji ya bwawa.

Sultani alifariki, daraja halikusimama

Mafuriko yale yale yaliharibu madaraja ya zamani ya Büyükçekmece, magharibi ya Istanbul, mahali ambapo barabara ya jeshi na ya wafanyabiashara huvuka mdomo wa ziwa. Sinan alichunguza kwanza kwa nini daraja la kale lilianguka, kisha akachagua mahali pengine pa kupitisha jipya. Aliunda masanduku makubwa ya mbao mfano wa jahazi, akayazamisha, maji yaliyomo yakatolewa kwa pampu na viriba, kisha magogo marefu yakapigiliwa kwenye tope la chini kwa nyundo kubwa za mashine. Juu ya magogo hayo yakawekwa mawe yaliyofungwa kwa vyuma na kumiminiwa risasi iliyoyeyushwa.

Daraja hilo lina urefu wa mita 636 na matao 28, na limegawanywa sehemu nne zinazokutana kwenye visiwa vidogo vya kutengenezwa. Kila sehemu inajisimamia, hivyo udhaifu wa moja hauzivuti nyingine.

Mwezi Septemba 1566, kazi ikiendelea, Sultani Süleyman alifariki vitani Szigetvár, nchini Hungaria. Aliyeagiza na kugharimia daraja hakuwepo tena. Tunajua miradi mingapi hufa siku anapofariki mwenye nayo. Mwanawe, Selim II, aliiendeleza kazi na ikakamilika mwaka 1567. Iliwezekana kwa sababu kazi haikutegemea urafiki wa watu wawili. Ilikuwa chini ya ofisi yenye daftari, mafundi na utaratibu, na barabara ile ilihitajiwa na dola, awe Sultani ni huyu au yule. Kwenye daraja hilo Sinan aliandika jina lake, Yusuf bin Abdullah, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Mwaka 1573 alipewa kazi ya aina nyingine. Ayasofia, ambayo wakati huo ilikuwa msikiti, ilikuwa na kuta zilizoanza kuegemea nje, na nyumba za watu zilikuwa zimeibana. Sinan alikagua, nyumba hizo zikaondolewa, na kuta zikaongezewa viegemeo vikubwa vya mawe. Mtu aliyetamani maisha yake yote kulifikia jengo hilo ndiye aliyelilinda lisianguke.

Kilele cha Edirne

Selimiye ulikamilika kati ya mwaka 1574 na 1575. Sultani Selim II alifariki Desemba 1574 bila kuswali katika msikiti uliobeba jina lake. Kuba yake imeegemea nguzo nane zilizosogezwa karibu na kuta, na waumini wote humwona imamu katika ukumbi mmoja ulio wazi. Minara yake minne ina kimo cha mita 70 hivi, na katika miwili kati yake zimo ngazi tatu zinazozunguka pamoja bila kukutana. Kwa upana, kuba hiyo inalingana kwa karibu na ya Ayasofia, ingawa kimo chake kutoka sakafuni ni kidogo zaidi. Mwaka 2011 msikiti huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Wakati huo huo, mbali kule Bosnia, daraja lake la Višegrad lenye matao 11 lilikuwa likijengwa, kati ya mwaka 1571 na 1577. Miaka mingi kabla, ramani zake zilikuwa zimepelekwa hadi Damascus. Majengo makubwa yanayonasibishwa naye yanazidi 300, na hapana mtu mmoja awezaye kusimama kwenye kazi zote hizo. Siri yake ilikuwa watu. Ofisi ya wajenzi wa Sultani aliigeuza kuwa chuo: kijana aliingia akiwa mwanafunzi, akafanya kazi chini ya mafundi, kisha akatumwa mkoani akiwa na ramani na dhamana ya kuamua yale ambayo ramani haikuyatabiri. Mwaka 1584, akiwa mzee sana, alikwenda Hijja huku kazi zikiendelea chini ya naibu wake. Baada yake Davud Ağa alishika cheo hicho, na mwanafunzi wake mwingine, Mehmed Ağa, ndiye aliyejenga msikiti mashuhuri wa Sultan Ahmed kati ya mwaka 1609 na 1616.

Sinan alifariki mwaka 1588, sawa na mwaka 996 Hijria. Alizikwa katika kaburi dogo alilolichora mwenyewe, kwenye pembe ya nje ya Süleymaniye, pamoja na sabili ya maji kwa wapita njia. Maandishi ya kaburi, yaliyotungwa na Mustafa Sai, yanalitaja daraja la Büyükçekmece.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tutofautishe aina za mambo tusiyoyajua. Yako yanayoweza kupimwa, kama udongo na kiasi cha maji. Kutoyapima ni uzembe. Yako yanayojulikana kwa kutenda tu. Hayo tuyajaribu kwa kiasi kidogo kabla ya kuyabeba kwa ukubwa. Na yako yaliyo katika mamlaka ya Mwenyezi Mungu peke yake, kama mvua, tetemeko na ajali ya mfadhili; kwa hayo tuweke akiba, tuache nafasi, na tujenge utaratibu unaoweza kuendelea bila ya mtu mmoja.

Pili, tusione kwamba kuweka akiba ni upungufu wa tawakkul. Kila Muislamu anayajua mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuhusu kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Miguu mipana ya Mağlova ndiyo kamba ya ngamia huyo.

Tatu, tusimnasibishie Sinan yasiyo yake. Tetemeko la mwaka 1766 liliangusha sehemu ya kuba ya Süleymaniye, na msikiti wake wa Mihrimah, karibu na lango la Edirnekapı, uliharibiwa na matetemeko zaidi ya mara moja. Hakuna kazi ya mwanadamu iliyo salama na kila kitu. Lakini palipovunjika paliweza kutengenezwa, na waumini wakarudi kuswali.

Kamati inayokutana baada ya Swala ya Ijumaa leo kupanga ujenzi inaweza kuanza na maswali machache: Tumepima nini? Tumejaribu wapi? Akiba yetu ni kiasi gani? Nani ataendelea ikiwa mwenyekiti hayupo? Nani anaandika daftari, na nani analisoma? Maswali haya hayahitaji fedha, na heri kuyajibu kabla ya jiwe la msingi kuliko kuyajibu mbele ya nguzo zilizoota nyasi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu mja wake Sinan, na atuwafikishe sisi sote kuzichunga amana tulizokabidhiwa. Amin.